Gari Lake Liko Gereji, Ukweni Anaenda na Noah ya Mzazi Mwenzie

Huyo dada anaoka keki pale Masasi. Wateja wake wametapakaa kuanzia Ndanda mpaka Mangaka, na wengine wako juu kabisa, Newala. Kwa kazi yake gari siyo mambo ya kujionyesha, maana keki ya ngazi tatu haipandi bodaboda. Ndo maana alijinyima miaka miwili akanunua Ractis, kale kagari kafupi kenye mgongo mpana, siti za nyuma ukizilaza unapata meza nzima ya kubebea maboksi. Mtaani wakakazoea hako kagari. Wakikaona kamepaki nje ya nyumba fulani wanajua hapo kuna bethidei.

Siku chache baada ya Idd, mwezi wa nne 2024, kakamshinda mlimani. Anayeijua njia ya kupanda Newala kutoka Masasi anajua pale unapouacha ukanda wa chini na kuanza kuitafuta baridi ya uwanda wa Makonde. Anakanyaga mafuta, injini inalia, mshale unapanda, gari halisogei. Akaacha likapumzika, akajaribu tena, likasogea hatua kumi likagoma. Jioni likavutwa kwa kamba nyuma ya Canter iliyokuwa inashuka, mpaka gereji moja Masasi. Fundi akafungua boneti, akanusa, akasema maneno yanayosemwa na mafundi wote nchi hii: "Dada hili dogo. Siku tatu tu."

Likaja kukaa wiki karibu sita.

Hapa inabidi kueleza ugonjwa wenyewe, kwa sababu wenye vigari hivi ni wengi na wengi wanaelekea huko huko. Gia boksi ya Ractis kama yake haina gia zile za moja, mbili, tatu. Ndani kuna mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili, na puli zenyewe zinajipanua na kujibana kufuata mwendo. Inaitwa CVT, na ina oil yake peke yake. Ukiiwekea oil ya gia boksi za kawaida, mkanda unaanza kuteleza. Haufi siku hiyo. Unateleza kidogo kidogo, miezi inapita, na siku unakutana na mlima ndo unalipwa. Yeye alifanyiwa sevisi mwezi wa kwanza, na aliyemfanyia alimimina oil aliyokuwa nayo dukani. Hakuna aliyemwuliza kitu, na yeye hakujua kwamba kuna cha kuuliza.

Fundi wa Masasi alianza kwa kubadilisha oil, akiamini itasaidia. Haikusaidia. Akasema sensa. Akaazima mashine ya kupimia kwa mwenzie, mashine ikachelewa siku nne kurudi kutoka Nachingwea. Akasema sasa ni gia boksi, ishushwe. Na gia boksi ikishashushwa, wewe huna ujanja tena, huwezi kulihamishia gari lako gereji nyingine maana liko vipande vipande, bolti ziko kwenye kopo la rangi.

Kwa wenzetu Ulaya na Marekani, ukipeleka gari kwa kampuni iliyokuuzia, mara nyingi wanakupa jingine la kutumia mpaka lako litoke. Siyo kwamba wao hawasubiri. Mwaka 2021 na 2022 chipu zilipoadimika dunia nzima, kuna watu kule walikaa na gari la kupewa mpaka wakasahau la kwao lina rangi gani. Na hapa Tanzania zipo kampuni za magari mapya zenye gereji zao, ila ziko miji mikubwa, na mtu aliyeagiza gari la Japan lenye miaka kumi na nane barabarani hawamjui. Bima nayo, hiyo ndogo tuliyonayo wengi, inamlipa uliyemgonga. Gia boksi yako haimo.

Ila lile gari la kampuni lina karatasi. Unasaini umelichukua lini, mafuta yako kiasi gani, mchubuko uliopo uko wapi, unarudisha lini. Faida ya karatasi hiyo huioni mpaka uikose. Masasi gari la kusubiria halina karatasi. Lina mwenyewe.

Wiki ya kwanza alijaribu kukodi. Gari la kukodi linakuja na dereva wake, na hela ya siku moja inameza faida ya keki mbili. Akakodi mara mbili akaona anaoka kwa ajili ya kumlisha dereva. Ndo siku hiyo jioni ikaingia meseji kutoka kwa mzazi mwenzie: "Nimesikia gari lako limezima. Chukua Noah mpaka lako lipone. Mtoto asizungushwe na bodaboda na hii mvua."

Waliachana miaka mitatu iliyopita, bila vita kubwa. Yule bwana ana mke wake sasa, anafanya mambo ya korosho, na mwezi wa nne msimu ulishaisha, kwa hiyo Noah ilikuwa imekaa tu uani inakula vumbi. Sababu aliyoitoa ilikuwa ya mtoto. Utaikataaje sababu ya mtoto? Dada akaenda, akapewa ufunguo mbele ya mke wa yule bwana, wakasalimiana vizuri, akaondoka.

Sasa Noah ile ina stika. Kioo cha nyuma, kuanzia kona hii mpaka kona ile, herufi nyeupe unazisoma ukiwa ng'ambo ya barabara: BABA, halafu jina la mtoto.

Na huyu dada ana mchumba. Mwalimu wa sekondari, yuko Newala, mtu mpole wa maneno machache. Barua ya posa ilishapelekwa na kujibiwa, ilibaki mahari. Na ukweni kule Newala, kama ilivyo kwetu sote, hakuna anayemwita dada jina lake. Wanamwita Mama, halafu jina la mtoto. Lile lile la kwenye kioo.

Jumapili ya tarehe 21 mwezi wa nne kulikuwa na kikao Newala. Wifi yake, mdogo wake mchumba, alikuwa anaolewa mwezi wa tano, na keki alikuwa amepewa yeye, bure kabisa, ndo zawadi yake ya kuingilia ukoo. Angeweza kupanda Hiace siku ile. Alikuwa na sampuli za keki, vitambaa vya meza, ndoo mbili za maua ya plastiki, akaona isiwe tabu. Akapaki Noah chini ya mwembe, mgongo umeangalia barazani.

Barazani alikuwa amekaa mjomba. Wamakonde wanahesabu ukoo upande wa mama, kwa hiyo mjomba siyo mgeni wa kuja kula pilau. Baba anaweza kukubali na mambo yakalala. Mjomba akikubali mambo yanaamka. Mzee akapokea shikamoo, akaiangalia gari muda mrefu kidogo.

"Gari zuri hilo, mwanangu. La nani?"

"La kuazima, mjomba. Langu liko gereji."

"Linatoka lini?"

"Kesho kutwa, Mungu akipenda. Fundi amesema."

"Haya. Nimesoma," mzee akasema, akarudi kwenye kikao chake. Hakuongeza neno siku ile wala kesho yake.

Mchumba alisubiri mpaka usiku kwenye simu. Hakugomba. Aliuliza tu lini anairudisha. Dada akajibu kwa alichoambiwa na fundi: kesho. Keshoye mchumba akauliza tena, na yeye akampigia fundi, fundi akasema kesho, akaipeleka hivyo hivyo Newala. Ikawa kila siku. Fundi anasema kesho, dada anaibeba anaipandisha mlimani, na ikifika kule juu haina tena harufu ya gereji. Inafika kama maneno yake yeye. Mwalimu hajawahi kumwona fundi, hajui kama ni mrefu au mfupi. Anachokijua ni kwamba mwanamke anayetaka kumuoa anamwambia kesho kila siku, na kila siku analala na gari la mwanaume mwingine nje ya dirisha lake.

Kwa nini mafundi wanasema kesho? Wengi ukiwauliza watakwambia waongo tu. Ukikaa kwenye benchi la gereji siku mbili tatu unaona kitu kingine. Dada alilipa laki mbili na nusu za mwanzo. Hela ile ilikwenda kununua spea ya Hiace iliyokuwa pale tangu mwezi wa tatu, ambayo mwenyewe alikuwa amekuja na ndugu zake wanne kudai. Hela ya aliyefuata baada ya dada ndo ingekuja kwenye Ractis. Gereji nzima inaendeshwa hivyo, hela yako inamtoa aliyekutangulia, na wewe unasubiri hela ya atakayekuja nyuma yako. Fundi akikwambia ukweli, yaani hajui, utachukua hela yako, na hela hana. Kwa hiyo anakupa kesho. Siyo wizi wa moja kwa moja, na uaminifu hauko hapo pia.

Siku moja alikwenda bila kupiga simu, akakuta boneti iko wazi na sehemu ya betri ni tupu. Akauliza. Kijana wa gereji akajibu bila hata kushtuka: "Iko kwenye Probox moja hivi, dada, imepeleka abiria Nachingwea. Inarudi jioni." Kumbe betri yake inafanya kazi kuliko mwenyewe. Tairi ya akiba nayo ilikuwa imetoka, ila hiyo ilirudi siku hiyo hiyo.

Huku nyuma Noah nayo ilikuwa inadai. Gari la kuazima unaliwekea mafuta zaidi ya uliyoyakuta, unalifua kila ukitoka kwenye tope, ukisikia mlio mpya moyo unaruka. Ile Jumapili ya kikao, akishuka kutoka Newala, trafiki alimsimamisha. Faini elfu thelathini. Akaona ni yake, atalipa. Akasahau kwamba faini siku hizi inaingia kwenye mfumo kwa namba ya gari, na mwenye gari akiiangalia kwenye simu anaona kosa na mahali lilipofanyika. Jumanne mzazi mwenzie akapiga.

"Jumapili ulipanda Newala?"

"Nilikuwa na kikao cha harusi. Faini nalipa leo, usijali."

"Faini siyo tatizo. Ila ungesema basi. Gari langu hilo."

Alikuwa na haki kusema, gari ni lake kweli. Tangu siku hiyo dada akawa anatoa taarifa kabla ya kutoka nje ya mji. Ndanda, anasema. Mangaka, anasema. Na Newala, anasema. Yaani akajikuta anaomba ruhusa ya kwenda kwa mchumba wake, kwa mwanaume aliyekwisha kuachana naye. Hakuna aliyempangia hivyo. Yule bwana hakuwahi kumwambia neno baya, hakumtaka, hakumgusa. Ni Noah tu.

Mwisho wa mwezi fundi akaja na jambo la maana. Gia boksi mtumba imepatikana Gerezani, Dar, laki tisa, kuna kijana wake ameiona kwa macho. Dada akatuma hela, safari hii kwa yule kijana moja kwa moja, akidai picha. Picha ikaja. Gia boksi ikafungwa kwenye kiroba, ikapelekwa Mbagala kupakiwa kwenye basi la Masasi. Wikiendi ya tarehe 4 mwezi wa tano.

Wa kusini hawajaisahau wikiendi hiyo. Ndo ile ya kimbunga Hidaya. Mvua ilipiga Mafia, Kilwa na Lindi, maji yakachukua barabara kuu maeneo ya Somanga, na ukanda wote wa kusini ukabaki upande wake na Dar upande wake. Mabasi yalisimama foleni huku na huku, watu wakalala njiani. Wenye haraka walizunguka Iringa na Songea, waje kutokea Tunduru, safari ya kuzunguka karibu nusu ya nchi.

Jumapili asubuhi fundi akapiga. "Dada, mzigo umekwama. Barabara imekatika Somanga."

Dada alicheka kile kicheko cha hasira, akamwambia maneno mawili matatu yasiyoandikika, akakata simu. Wiki tatu kasikia sensa, kasikia mashine iko Nachingwea, kasikia fundi kafiwa. Sasa barabara? Alipofungua simu ndo akaona video zinavyotembea, lami imekatwa kama mkate, waziri wa ujenzi kapiga kambi pale pale na makandarasi. Ilikuwa kweli. Safari hii fundi alikuwa amesema kweli tupu.

Sasa akabaki na kazi ya kuipeleka Newala.

"Gia boksi imekwama Somanga," akamwandikia mchumba.

Mwalimu naye ana simu, video kaziona. Hakubisha kwamba barabara imekatika. Alichoshindwa kuamini ni kwamba kwenye foleni ile kuna gia boksi. "Juzi betri, jana mashine, leo kimbunga," akajibu. Dada akamlazimisha yule kijana wa Gerezani atume risiti ya mzigo, akaipiga picha akaituma Newala, ina namba, ina tarehe, ina muhuri wa basi. Jibu likaja: "Sawa." Neno moja. Aliliangalia neno lile usiku kucha. Hata mahari bado, na tayari anathibitisha kwa risiti.

Jumatano akaifua Noah mwenyewe, akajaza tanki mpaka juu, akairudisha. Mzazi mwenzie alimkuta getini.

"Lako limepona?"

"Bado."

"Sasa unairudisha ya nini?"

"Nimeshaitumia vya kutosha. Asante sana."

Akakaa kimya kidogo, halafu akauliza mtoto ataenda vipi shule. Dada akamwambia, wewe ni baba yake, wewe ndo una gari. Kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi Noah ikasimama nje, yule bwana yuko kwenye usukani, akapiga honi. Akampitia mtoto siku ile na siku zilizofuata. Kitu ambacho angeweza kukifanya tangu siku ya kwanza, wote wawili hawakukiwaza.

Harusi ilikuwa Jumamosi. Akaenda stendi alfajiri, akamwambia konda anataka siti tatu. Konda akauliza wenzie wako wapi. Akamwonyesha maboksi. Hiace ilikuwa imejaa, kuna mzee akaanza kunung'unika kwamba watu wamesimama na keki zimekaa, mpaka mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamwambia, "Baba, keki imelipa nauli, wewe umelipa?" Gari zima likacheka, mzee akatulia. Yule mama akaishikilia ile ngazi kubwa kwa mikono miwili njia nzima, mvua zilikuwa zimeacha mashimo ya ajabu na tope la kutosha. Kwenye mlima, shimo moja lilikula upande wa keki ya kati. Ilifika imebonyea.

Akashuka stendi Newala, akapanda bodaboda na boksi dogo, makubwa yakaletwa na bajaji. Mama mkwe alipoona keki ilivyobonyea hakusema kitu, alimletea meza jikoni, akafukuza watoto. Dada akapiga krimu upya, upande uliobonyea akauficha kwa maua. Saa sita ilikuwa imesimama ukumbini na hakuna aliyejua.

Mjomba alimkuta akinawa mikono uani.

"Umekuja na nini leo?"

"Hiace, mjomba."

"Na fundi anasemaje?"

Dada akafikiria kidogo. "Kesho."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi, naye akacheka, mara ya kwanza tangu Idd. Hawakulizungumza tena jambo lile siku hiyo, kulikuwa na watu wengi. Walilizungumza baadaye, kwa simu, na siyo mara moja. Alimwambia gari halikumuuma kama stika, na stika haikumuuma kama ile kesho. Dada akamwambia angepanda Hiace akashuka gerejini siku moja tu akamwona fundi kwa macho, yote yasingefika huko. Kila mtu alikuwa na lake.

Gia boksi iliingia Masasi katikati ya mwezi wa tano. Kuifunga ikachukua siku nyingine sita, kwa sababu fundi alikuwa amepoteza bolti mbili. Oil ya CVT dada aliiagiza mwenyewe kutoka Dar, akaja nayo mkononi, akasimama pale pale mpaka tone la mwisho likaingia. Fundi alikasirika kidogo. Betri iliyorudi siyo ile iliyoondoka, hii ina jina tofauti na ni nzee zaidi, lakini inawasha.

Mahari ilipelekwa mwishoni mwa mwaka, korosho ziliposhauzwa, maana Newala mambo mengi yanasubiri korosho. Ractis inapanda mlima bila shida. Namba ya fundi bado iko kwenye simu yake, ameisevu "Kesho", na ikilia usiku mwalimu anampokelea.